Risasi Imekwenda Kando: Jinsi ya Kutafuta Kosa la Upepo katika Shabaha za Masafa Marefu

Tundu liko kulia, nusu mita kutoka katikati ya shabaha, na mwenzako aliyeinamia darubini ametamka neno moja: "Upepo." Huenda amesema kweli. Lakini neno hilo peke yake halikufai kitu, kwa sababu upepo hukosesha kwa njia nyingi na kila njia ina dawa yake. Ukizungusha kitasa cha darubini kliki tano kushoto bila kujua ni njia ipi, risasi inayofuata inaweza kutua upande wa pili, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Haya ninayoyaandika ni ya mtu anayelenga shabaha kuanzia mita 300 hadi 1000, kwenye uwanja halali wenye tuta la kusimamisha risasi. Nitaanza na kile unachokiona kwenye karatasi, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Vipimo vyangu ni mita kwa sekunde kwa upepo, na mil kwa marekebisho ya darubini. Mil 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100, na mita 1 kamili kwenye mita 1000.

Upepo unaifanya nini risasi

Upepo wa ubavuni hauisukumi risasi kama unavyosukuma jani. Risasi hugeuza pua kidogo kuelekea upepo unakotoka, na ukinzani wa hewa, ambao kazi yake ni kuivuta nyuma, sasa unaivuta nyuma na kando kwa pamoja. Kwa hiyo kinachoamua itahama kiasi gani si muda wote iliokaa angani, ni muda inaoupoteza kwa sababu ya hewa. Ndiyo maana risasi za kaliba .22 zinazotoka mtutuni kwa kasi kubwa kuliko sauti huhamishwa na upepo kuliko zile za polepole za mashindano: kasi waliyoiongeza huliwa na hewa mapema. Nalitaja hili kwa sababu nimewaona wengi waliochoka kukosa kwa upepo wakikimbilia risasi ya kasi zaidi, wakati wanachohitaji ni risasi ndefu, chongofu, inayopenya hewa bila kupoteza mwendo.

Chukua bunduki ya kaliba .308 yenye risasi ya greni 175, yaani gramu 11 hivi. Upepo wa mita 4.5 kwa sekunde unaoipiga ubavuni moja kwa moja utaihamisha karibu nusu mita kwenye umbali wa mita 450, na zaidi ya mita 2 kwenye mita 900. Umbali umekuwa mara mbili, kosa limepita mara nne. Kwenye hizo mita 900, kila mita 1 kwa sekunde inakugharimu karibu nusu mita ya karatasi. Maana yake ukikadiria mita 3.5 na upepo ni mita 4, tofauti ambayo shavu lako halitaihisi, umeshakwenda robo mita kando.

Kabla ya kuulaumu upepo

Kuna maswali mawili ya kujiuliza, na ukiyaruka, kila kitu kinachofuata hakina msingi.

La kwanza: je, bunduki yako inapiga katikati kwenye mita 100 siku ya utulivu? Kosa la sentimita 2 kushoto kwenye mita 100, ambalo wengi hulipuuza, ni sentimita 18 kwenye mita 900. Utalitafuta kwenye bendera mwaka mzima na hulipati.

La pili: alama ya katikati ya darubini ilikuwa wapi hasa wakati risasi inatoka? Kila risasi, kabla hujatazama karatasi, sema kwa sauti: "imetoka katikati" au "imetoka nusu mil kulia." Kisha sema upepo uliodhani upo. Ukiunganisha mambo haya mawili kuwa kosa moja, hutajua kamwe lipi ni la mkono na lipi ni la jicho. Kifyatulio kilichovutwa kwa pembeni ya kidole huzaa matundu yanayofanana kabisa na ya upepo, na tofauti pekee ni kwamba kosa la kidole linakufuata hata asubuhi ambayo hakuna jani linalotikisika.

Dalili: matundu yamekusanyika vizuri, ila yote yako upande mmoja

Hii ndiyo dalili inayoelezwa vibaya kuliko zote. Dawa yake inaanza na swali moja: upepo ukigeuka upande, kosa nalo linageuka?

Kama upepo umetoka kushoto ukakosa kulia, kisha ukatoka kulia na bado ukakosa kulia, acha kuusoma upepo. Chanzo kiko kwingine. Inaweza kuwa sifuri ya bunduki, yaani kule kupiga katikati kwenye mita 100 nilikokutaja. Inaweza kuwa mzunguko wa risasi: mitutu mingi huizungusha risasi kuelekea kulia, na risasi hiyo huhamia kulia yenyewe hata hewa ikiwa imetulia. Kwa .308 kwenye mita 900 ni sentimita 20 hivi, na kwenye mita 300 ni kidogo mno kuonekana. Programu nyingi za hesabu za risasi hulijumuisha hili, lakini nyingine hungoja uliruhusu kwenye mipangilio, kwa hiyo fungua uhakikishe. Mzunguko wa dunia nao una sehemu yake, kuelekea kulia kaskazini mwa ikweta na kushoto kusini mwake, lakini ni sentimita chache tu, na karibu na ikweta yenyewe hakuna kitu. Usianzie huko.

Anzia kwenye bunduki iliyoinama. Ukiipandisha darubini mil 10 ili kufika mita 1000, halafu bunduki ikaegemea kulia digrii 1 tu, risasi itatua sentimita 17 kulia. Digrii 1 haionekani kwa macho, hasa uwanja ukiwa na mteremko unaoyadanganya. Funga pima maji ndogo kwenye darubini na uitazame kila risasi. Ninaiamini pima maji kuliko kifaa kingine chochote cha kuongezea kwenye bunduki, na bei yake ni ndogo kuliko vyote.

Sasa, kama kosa linageuka pamoja na upepo, yaani kila mara risasi inabebwa zaidi ya ulivyotegemea, hapo ni makadirio. Linganisha masafa. Ukikosa kwa uwiano ule ule kwenye mita 300, 500 na 800, jicho lako lina mazoea ya kuupunguza upepo, na dawa ni kuongeza kwa kiasi hicho hicho hadi jicho lijifunze. Lakini ukiwa sawa kwenye 300 na 500, kisha 800 ikakuangusha, shuku takwimu ulizoipa programu: kasi ya risasi mtutuni, au namba inayoeleza jinsi risasi inavyopenya hewa.

Dalili: matundu yametapakaa kushoto na kulia, urefu ni ule ule

Mstari mlalo namna hii maana yake ni kwamba bunduki na mkono viko sawa, ila kila risasi ilipigwa ndani ya upepo wake. Wengi hujaribu kuutibu kwa kukadiria kasi kwa umakini zaidi. Haisaidii, kwa sababu ulichokikadiria kilikuwa sahihi wakati ule, na ulipofyatua kilikuwa kimepita.

Hesabu sekunde. Tangu ulipotazama bendera mara ya mwisho hadi risasi ilipotoka, zimepita ngapi? Mlengaji mgeni huusoma upepo, anazungusha kitasa cha marekebisho, anatulia, anavuta pumzi, anaiachia, anasogeza kiwiko, ndipo anafyatua. Sekunde 15 zimekwisha. Badili mpangilio: jitayarishe kwanza kila kitu, kitako begani, pumzi imeshuka, kisha upepo uwe jambo la mwisho unalolitazama. Rekebisha kwa kulenga pembeni kwa kutumia alama za ndani ya darubini, kwa kuwa kuzungusha kitasa kunakula muda.

Kisha kaa dakika 10 bila kufyatua hata risasi moja, ukiutazama uwanja. Upepo una pumzi zake: huvimba, hutulia, huvimba tena. Tafuta hali moja inayojirudia na kukaa muda mrefu kuliko nyingine, na hiyo iwe yako. Bendera zikifika hapo, fyatua. Zikitoka, subiri. Kama muda wa shindano haukuruhusu kusubiri, tafuta pumzi ndogo kabisa na kubwa kabisa, tuseme mita 2 na mita 4, ulenge kwa mita 3. Hapo kosa lako haliwezi kuzidi mita 1 kwa sekunde upande wowote.

Dalili: mtazamaji alisema sawa, wewe ukarekebisha upande usio

Jambo hili linawapata wanaozungumza Kiswahili kuliko wengine. Mwelekeo wa upepo huelezwa kwa uso wa saa: shabaha iko kwenye 12, kulia kwako ni 3, kushoto ni 9. Lakini ukisema "upepo wa saa tatu," mmoja anaona namba 3, na mwingine anaona mahali mshale unapokaa saa tatu yetu, ambako pameandikwa 9. Nimeona watu wawili wenye akili timamu wakikosa mita nzima kwa sababu hii. Semeni "namba tatu," au bora zaidi, "unatoka kulia."

Mkishakubaliana lugha, kumbukeni uzito. Upepo wa namba 3 au 9 unahesabiwa wote. Wa namba 1, 5, 7 au 11 ni nusu. Ulio katikati ya namba 1 na 2, digrii 45, ni 0.7 na wala si nusu, na hilo ni kosa la kawaida sana. Wa namba 2 ni karibu 0.9, uuhesabu kama mzima.

Dalili: upepo unatoka mbele au nyuma, na risasi zinaruka kushoto na kulia

Anayeanza hufurahi upepo unapompiga usoni au kisogoni, akidhani hauna madhara. Ndio upepo mgumu kuliko wote. Tuseme ni mita 5 kwa sekunde. Ukitoka ubavuni kisha ukageuka digrii 15, nguvu yake ya ubavuni inashuka kutoka 5 hadi 4.8 tu, na karatasi haitaonyesha sana. Ukitoka mbele kabisa, ukageuka digrii 15 kulia, kisha 15 kushoto, umepata mita 1.3 kwa sekunde upande mmoja na 1.3 upande wa pili. Kwenye mita 900, hiyo .308 yetu imeyumba zaidi ya mita 1 kati ya risasi mbili, na wewe uliandika "sifuri" kwa zote mbili.

Hapa usitazame kasi. Tazama ncha ya bendera imeegemea upande gani, na ufyatue ikiwa upande mmoja tu, wowote utakaouchagua. Kuilenga hali ya katikati ni kuisubiri hali isiyokaa hata sekunde mbili.

Dalili: bendera zinasema hivi, risasi inasema vile

Jiulize kwanza ulitazama bendera ipi. Wengi hutazama ya kwenye shabaha, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya darubini. Lakini upepo ulio karibu na mtutu huipindisha risasi mapema, na upindo huo unaendelea kukua safari nzima, ilhali ule wa mita 100 za mwisho hauna tena nafasi ya kuupeleka mbali. Theluthi ya kwanza ya uwanja ina uzito kuliko ya mwisho, isipokuwa kama wewe umekaa kwenye kinga, nyuma ya miti au ukuta, na upepo wote unavuma katikati. Basi katikati ndiyo kila kitu.

Pia risasi haipiti kwenye mstari wa macho yako. Kuelekea mita 900, .308 hupanda mita kadhaa juu ya mstari huo, na huko juu upepo una kasi kuliko wa kwenye nyasi. Ukivuka bonde, usiisome nyasi ya chini ya bonde, soma vilele vya miti inayolingana na njia ya risasi. Stickledown, uwanja mrefu wa Bisley huko Uingereza ambako hulengwa hadi yadi 1000 na zaidi, una bendera ndefu kwenye nguzo mstari baada ya mstari, na bado wazoefu wa pale huzitazama zote pamoja kama uso mmoja, hawaamini moja.

Kuhusu kasi kwa bendera: pembe kati ya nguzo na bendera, igawanye kwa 9, upate mita kwa sekunde. Digrii 45 ni mita 5. Kanuni hii ni ya bendera nyepesi, kavu. Ikilowa mvua inasema uongo wa kushusha. Kusipokuwa na bendera, tumia kipimo ambacho Francis Beaufort alikianza baharini mwaka 1805 na baadaye kikaletwa nchi kavu: upepo unahisika usoni na majani yanachakarika, ni mita 1.6 hadi 3.3, majani na vitawi havitulii kabisa, 3.4 hadi 5.4, vumbi na karatasi vinainuka, 5.5 hadi 7.9.

Dalili: uliyasoma mazigazi, na bado umekosa

Mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayotiririka mbele ya shabaha, ni msomaji mzuri wa upepo mdogo kuliko bendera yoyote. Yakipanda wima kama maji yanayochemka, ama hakuna upepo, ama unatoka mbele au nyuma. Yakiinama kidogo, ni mita 1 hivi. Yakifika nusu ya kulala, mita 2 hadi 3. Yakilala kabisa na kukimbia kama mto, umepita mita 4, na baada ya hapo hayakuambii tena: mita 5 na mita 8 huonekana sawa. Basi kosa la kwanza ni kuyategemea siku ya upepo mkali. Rudi kwenye miti na bendera.

Kosa la pili ni umbali. Mazigazi unayoyaona ni ya pale darubini ya kuangalizia ilipotulia kuona vizuri. Ukiilenga kwenye shabaha, unasoma upepo wa kwenye shabaha, ule wenye uzito mdogo. Irekebishe ili ione vizuri karibu zaidi, kwenye theluthi mbili au nusu ya umbali. Karatasi itafifia, mawimbi yatajitokeza, na hayo ndiyo unayoyataka.

La tatu nadra watu hulishuku: mazigazi mazito huisogeza picha yenyewe ya shabaha kuelekea yanakotiririka. Unalenga katikati ya kitu ambacho hakipo pale unapokiona. Mtutu uliochemka baada ya risasi nyingi nao hutoa mazigazi yake mbele ya darubini, na hayo hayana habari yoyote ya uwanja. Uache upoe.

Dalili: upepo umebadilika, na matundu yamepanda au kushuka

Si lazima baruti iwe na kosa. Kwenye mtutu unaozungusha kulia, upepo wa kutoka kulia huisogeza risasi kushoto na kuipandisha kidogo. Wa kutoka kushoto huisogeza kulia na kuishusha. Matundu ya siku yenye upepo wa kugeukageuka hujipanga mshazari, kutoka namba 10 hadi namba 4. Ukiona mshazari huo, tulia. Ukiona mstari wima usiofuata upepo, hapo tazama baruti, pumzi na kitako. Uwanja wenye tuta au ukingo mbele yako una jambo lake pia: upepo unaoupiga ukingo hupanda au kushuka pamoja na ardhi, na risasi huenda nao.

Dalili: kipima upepo kina namba nzuri, matokeo ni mabaya

Kifaa cha mkononi kinapima mahali ulipo, na hapo tu. Kishike juu, mbali na mwili wako na gari. Usichukue namba ya kwanza inayotokea: kiache dakika 2, uandike wastani, cha chini na cha juu. Kazi yake kubwa kwangu ni kulifundisha jicho. Kadiria kwanza, ndipo uiwashe.

Dalili: kila ukirekebisha, unakosa upande wa pili

Hii ni kulifukuza tundu. Ulipiga kulia, ukarekebisha kushoto kwa kosa lote, na upepo uliokupeleka kulia ulikuwa umeshatulia. Kabla ya kugusa chochote, linganisha: upepo wa sasa ni ule ule wa risasi iliyopita? Kama ndio, na ulisema "imetoka katikati," rekebisha kwa tundu. Kama sio, lisahau tundu lile na uusome upepo upya.

Ikiwa umepita kote huku na dalili bado ipo, badilishaneni na mwenzako. Yeye afyatue risasi 10, wewe ukae kwenye darubini, uandike upepo wa kila risasi kabla haijatoka, naye alenge kama ulivyosema bila kubishana. Dalili ile ile ikijitokeza kwenye karatasi yake, kosa ni la jicho lako, na sasa unajua ni la upande gani na la kiasi gani. Isipojitokeza, rudi kwenye pima maji na kifyatulio.